Siku Ingelise Alipoacha Kusema Ameota

Siku serikali ilipofunga nchi nilikuwa na watu kumi na wanane mikononi mwangu. Hawakuwa wagonjwa wa wodini. Walikuwa watu wa majumbani mwao, hapa kisiwani Fyn na kwenye visiwa vidogo vya kusini, waliokubali kumeza dawa ambayo ilikuwa bado haijapewa jina, ili ijulikane kama inatibu maumivu ya mshipa wa uso au haitibu. Mimi ni Birthe Lindegaard, muuguzi wa utafiti. Ndimi niliyewapima, niliyewahesabia vidonge, niliyeketi nao wakati wa kutia sahihi. Kila mmoja nilimwambia: ukiona lolote, nipigie, nami kila baada ya wiki mbili nitakutoa damu, nijue mwili wako unasemaje.

Sasa nikawa siwezi kumwona hata mmoja.

Dokta Palle Ravnskov, mkuu wa utafiti wetu, alikuja ofisini asubuhi hiyo bado amevaa kofia ya baiskeli. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wanakitaka chumba chetu, Birthe. Kuanzia Jumatatu ni cha wagonjwa wa korona."

"Na watu wetu je?"

"Wasikanyage hapa. Mzee wa miaka sabini akipita kwenye korido hii, tutamuua huku tukijisifu kwamba tunamtunza."

"Basi tusimamishe dawa mpaka mambo yatulie."

"Tuisimamishe ghafla? Wataanguka kifafa mmoja mmoja. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Dawa ile ilipaswa kupunguzwa polepole, wiki nne nzima. Tena wapo waliopata nafuu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kuwaambia warudishe vidonge kungekuwa sawa na kumvua mtu koti kwenye theluji. Tukapanga upya kila kitu. Vidonge vitapelekwa na dereva na kuachwa mlangoni. Damu itatolewa na daktari wa karibu na nyumba ya kila mtu, iletwe maabara yetu. Nami nitampigia simu kila mmoja mara mbili kwa wiki, nimsomee maswali kumi na moja. Kamati ya maadili ilitupa kibali kwa siku mbili. Miaka yote ya nyuma tungesubiri miezi miwili.

Nikaanza kufanya kazi kutoka jikoni kwangu. Mji wetu wa Odense ulinyamaza mpaka nikawa nasikia taa ya barabarani ikibadilika rangi, mlio mdogo kama wa ulimi. Ukungu uliingia mwezi ule ukakaa, na dirishani mwangu nyumba za upande wa pili zilikuwa zinakuja na kuondoka. Nilikunywa kahawa, nikapiga simu, nikaandika. Swali la tisa liliuliza hivi: je, unaota ndoto zisizo za kawaida? Maana dawa ile ilileta ndoto. Nasi hatukujua nani anameza dawa yenyewe na nani anameza unga mtupu, lakini kwenye swali la tisa niliweza kukisia.

Mchinjaji mmoja wa Nyborg aliota anauza theluji kwa kilo, na watu wanamlalamikia kwamba ina mifupa. Mama mmoja wa Faaborg aliota wajukuu wake wamekuwa wadogo kama maharage, akawa anatembea nao mfukoni na kuwanong'oneza wasigombane. Watu waliokuwa wakinijibu "ndiyo" na "hapana" sasa walikuwa peke yao nyumbani, hawana mgeni, hawana mjukuu wa kukumbatia, wakanimwagia ndoto zao zote. Kisanduku cha swali la tisa kilikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nilinunua daftari.

Aliyejaza kurasa nyingi zaidi alikuwa Ingelise Marcussen wa Strynø, kisiwa cha watu wapatao mia mbili, nusu saa kwa feri kutoka mji wa bandari wa Rudkøbing. Alikuwa na miaka sitini na minane, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepiga kinanda cha kanisa la pale. Maumivu yake yalikuwa na miaka tisa. Yalimpiga shavu la kulia kama radi: akipiga mswaki, akinywa supu, akiguswa na upepo. Na Strynø hakuna kisichoguswa na upepo. Kwa miaka tisa alitoka nje amejifunga skafu usoni, watoto wa shule wakamwita Mama Jambazi, naye akawa anawanyooshea vidole viwili kama bastola. Wiki ya tano ya utafiti alinipigia akiwa gatini, skafu mfukoni.

"Sikiliza, binti yangu," alisema, akainua simu. Nilisikia upepo mtupu. "Huo unanipiga shavuni. Wala sisikii kitu. Nimesimama hapa nalia kama mpumbavu."

Ndoto zake zilikuwa za maji. Aliota kisiwa kimeng'oka, kinaelea taratibu kuelekea Ujerumani, na watu wamekaa ufukweni wameweka miguu majini wakikiongoza. Aliota anapiga kinanda chini ya bahari na kila noti ikitoka inapanda juu kama povu, kwa hiyo wa juu wanausikia wimbo baada ya siku tatu. Kila mara alianza vivyo hivyo: "Niliota, Birthe." Nami niliegemeza kichwa ukutani nikamsikiliza, nikisahau kwamba nilikuwa nimewahi kwenda mahali popote.

Mwishoni mwa Machi aliniambia mdomo unamkauka, anakunywa maji kutwa. Nikaandika. Kukauka kwa mdomo kulikuwemo kwenye orodha ya madhara madogo.

"Na damu umetoa?"

"Nimetoa, Rudkøbing, wiki iliyopita. Majibu yatakuja, mpenzi."

Majibu hayakuja. Maabara ilikuwa imezama kwenye vipimo vya korona, sampuli zetu zilichelewa zote, na mimi nikaridhika na sababu hiyo. Ningeweza kumpigia daktari wa Rudkøbing, ingenichukua dakika tatu. Sikupiga. Nimeliandika hili kwenye ripoti ya kazi, nami naliandika tena hapa.

Jumanne baada ya Pasaka nilimpigia saa mbili na nusu asubuhi. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Ungekuwepo Jumapili!" alisema. "Kanisa lilijaa mpaka ngazini. Nimepiga nyimbo zote za Pasaka. Na Asta alikuja, akakaa pembeni yangu kunigeuzia kurasa, unajua mimi hugeuza vibaya."

Nilikuwa nimeshaandika neno "kanisa" ndipo kalamu ikasimama. Makanisa yote ya nchi yalikuwa yamefungwa Pasaka ile. Na Asta, dada yake, nilimjua kutoka kwenye karatasi za historia ya familia: alikufa mwaka 2011.

"Uliota hivyo, Ingelise?"

"Nani ameota? Nakuambia yaliyotokea."

"Asta si alishafariki?"

Akafikiri kidogo. "Ndiyo, alifariki," alisema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa. "Lakini alikuja."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Kama kengele iliyovalishwa soksi."

"Tangu lini?"

"Ah, wewe na maswali yako. Ngoja ninywe maji."

Simu ikawekwa mezani. Nilisikia bomba likifunguliwa, likaendelea kutiririka, na yeye hakurudi. Niliita jina lake, mwishowe kwa kelele, jikoni mwangu, peke yangu.

Nilimpigia Palle kwa simu nyingine. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Chumvi ya damu imeshuka," alisema. "Dawa inaishusha, na yeye anaiongezea maji juu. Napiga simu ya dharura sasa hivi."

Baada ya dakika nne alinirudia. Helikopta ya madaktari haiwezi kuruka, ukungu umelala mpaka chini. Boti ya uokoaji ina mgonjwa mwingine upande wa kisiwa cha Ærø. Wametuweka kwenye foleni.

"Kuna feri saa tano," nikasema.

"Chukua kile kimashine kidogo cha damu hapa kwetu. Na vaa kila kitu, Birthe. Barakoa, glavu, gauni. Usiende kumwokoa na chumvi ukamwachia korona."

Nikiwa njiani nilivunja kiapo. Jina la mtu aliye kwenye utafiti halitajwi kwa jirani, hata kwa nia njema. Lakini nilimpigia Karsten mwenye duka la Strynø, ambaye namba yake ilikuwa kwenye tovuti ya kisiwa. Nilianza kwa kuzungukazunguka. Nikasema mimi ni rafiki wa Ingelise, na kwamba huenda hajisikii vizuri, na kwamba—

"Wewe ndiye Birthe wa vidonge?" akauliza.

Nikapunguza mwendo wa gari.

"Kisiwa kizima tunakujua, mama. Tunajua hata ile ndoto ya kuelea kwenda Ujerumani. Sema unataka nifanye nini."

"Mtafute. Usimsogelee, usimguse. Mtafute tu usimwache. Na asinywe maji."

Kwenye feri tulikuwa watu wawili, mimi na mwenye kukata tiketi, ambaye hakukata. Tuliondoka gatini, na baada ya muda mfupi hapakuwa na gati wala bahari wala mbingu, weupe tu, na injini ikinguruma chini ya miguu kama paka aliyelala. Mabata bukini walipita mahali fulani juu yetu. Nilisikia mabawa, sikuona hata unyoya. Nilishikilia kisanduku cha kimashine mapajani. Kwa nusu saa ile sikuweza kujua kama tunakwenda au tumesimama, na mara moja nilijikuta nimeanza kuamini kwamba kisiwa kimekwisha ng'oka kweli, na kwamba tutakifuata hivi hivi bila kukifikia.

Karsten alikuwa amesimama gatini, jitu la mtu mwenye aproni ya dukani, akaniashiria nisimsogelee.

"Yuko kanisani," alisema akiwa mbali. "Ana ufunguo wake. Mke wangu yuko nje ya dirisha hajamwacha. Sikuingia, nimetoka kushusha mzigo wa bara asubuhi hii, sijui nimebeba maradhi gani. Nimefanya vibaya?"

"Umefanya vizuri sana."

"Anapiga kinanda tangu saa tatu," alisema. "Hajakosea hata noti moja. Ndiyo maana tuliona ni mzima."

Niliusikia muziki kabla sijaliona kanisa. Ukungu uliuleta na kuuondoa. Mke wa Karsten alinipungia mkono kutoka dirishani, nami nikavaa gauni, miwani, barakoa na glavu pale kwenye ngazi, nikasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na mwanga wa maziwa, na viti vitupu safu kwa safu. Meli ndogo ya mbao inayoning'inia darini, kama ilivyo desturi ya makanisa ya kwetu, ilikuwa ikizunguka kidogo, labda kwa upepo wa mlango, labda kwa ule mtetemo wa bomba za kinanda. Ingelise alikuwa amekaa wima, amevaa gauni la kulalia na juu yake koti zuri la Jumapili. Hakuwa na viatu. Kila alipomaliza ukurasa aliinua kidevu kidogo, akangoja, kisha akaendelea. Alikuwa akingoja kugeuziwa kurasa.

Nilipanda hadi kwake. Aliniona, akatabasamu bila kuacha kupiga.

"Mbona umejifunga uso?" akauliza. "Na wewe unaumwa?"

"Ni mimi, Birthe. Nipe kidole kimoja."

"Ngoja tufike kwenye amina. Watu wamesimama."

Nilingoja. Zilikuwa labda sekunde ishirini, na hadi leo sijui kama nilifanya sawa kungoja. Lakini nilijua kwamba nikimvuta mkono atapigana nami, na mtu anayepigana hatoi damu. Alimaliza. Sauti ya mwisho ilibaki ndani ya kuta muda mrefu. Akanipa kidole cha kati, baridi kama kijiko, nikakichoma, nikainyonyesha mashine tone lake.

Chumvi ya mtu mzima haitakiwi kushuka chini ya mia na thelathini na tano. Kimashine kiliandika mia na kumi na sita.

"Nina kiu," alisema.

"Hapana, mpenzi. Maji hapana."

"Nipe maji, Birthe."

"Hapana."

Alinitazama, na kwa kitambo kidogo macho yake yakarudi kutoka kule yalikokuwa. Alikuwa yeye mwenyewe kabisa. "Sikwenda Rudkøbing," alisema. "Sikutoa damu. Kichwa kimeniuma wiki mbili. Nilijua ukiona chochote utanitoa kwenye utafiti."

"Najua."

"Hujui. Wewe upepo haujawahi kukuuma."

Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kucheza peke yake juu ya noti, bila yeye, sauti mbovu za chini zikavuma kanisa zima. Nilimshika kabla hajaanguka. Nilimlaza sakafuni ubavuni, nikaweka koti langu chini ya kichwa chake, nikamshikilia huku mwili ukimtikisika, nami nikihesabu kwa sauti ili nisipotee. Mke wa Karsten alikuwa ameweka viganja viwili kwenye kioo. Ilikuwa dakika mbili na sekunde kumi. Halafu akatulia, akakoroma, na rangi ikaanza kumrudia midomoni.

Palle alikuwa kwenye simu iliyokuwa kifuani mwangu wakati wote. "Ukungu unafunguka upande wa magharibi," alisema. "Wanaruka. Dakika kumi na nne."

Zilikuwa kumi na saba. Helikopta ilishuka nyuma ya shule, na ukungu ukachanika chini yake kama pamba. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona majani kwamba ni ya kijani. Walimtundikia dripu ya maji ya chumvi palepale ukumbini mwa kanisa, kidogo kidogo, kwa sababu chumvi ikipandishwa kwa haraka huharibu ubongo. Karsten alibeba ncha moja ya machela. Hakuna aliyemkataza, na yeye mwenyewe alisahau.

Nilibaki nikingoja feri ya kurudi. Nyumbani kwa Ingelise bomba lilikuwa bado linatiririka. Nikalifunga.

Alikaa hospitalini siku sita. Ubongo haukudhurika. Jioni ya siku ileile, kabla sijavua hata viatu, niliandika ripoti ya tukio kubwa ikaenda kwa kampuni na kwa mamlaka ya dawa, pamoja na lile la simu ambayo sikuipiga. Palle aliisoma, akaweka sahihi yake chini ya yangu.

"Tuliwauliza wanajisikiaje, na wenye nafuu walikuwa na sababu ya kutudanganya," alisema. "Hilo ni kosa letu, siyo lao. Damu haiogopi kufukuzwa."

Aliwaambia wa kampuni kwamba baada ya siku tatu hakuna atakayemeza kidonge kingine bila damu yake kuonekana, na kama hawataki basi watafute daktari mwingine. Walikubali. Mimi nikapakia kimashine kwenye gari. Siku tatu nilizunguka Fyn yote na visiwa, barabara tupu kabisa, maua ya miti ya matunda yakiwa yamechanua meupe ukingoni na hakuna anayeyatazama. Nilitoa damu kupitia madirisha ya magari, mabandani, kwenye bustani huku mtu amekaa upande wa pili wa meza ndefu na mkono umenyooshwa. Mchinjaji wa Nyborg alifumba macho. Mama wa Faaborg alinipa mkate mweusi na samaki wa siki juu ya ukuta.

Kati ya wale kumi na saba waliobaki, wawili walikuwa wameanza kushuka. Hakuna aliyekuwa amehisi kitu. Tuliwapunguzia dozi wiki hiyo hiyo. Na tangu hapo kila aliye kwenye utafiti anatuchagulia mtu mmoja wa karibu, na kuturuhusu kwa hiari yake tumpigie.

Ingelise alitolewa. Dawa ilipunguzwa kwa wiki nne, na mwisho wa Mei maumivu yakarudi. Alinipigia kuniarifu.

"Umenirudishia radi yangu," alisema.

"Ndiyo. Nimekurudishia."

"Huniombi radhi?"

"Kwa simu ambayo sikupiga Rudkøbing, nakuomba radhi. Kwa kukutoa, siombi."

Alikata. Hakunipigia majira yote ya joto. Nilijua habari zake kupitia Palle, ambaye alimwandikia barua kwa daktari wa upasuaji. Upasuaji wenyewe uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya korona, ukafanywa Februari mwaka uliofuata. Ulifaulu zaidi ya nusu, kama ilivyo kawaida ya upasuaji huu. Sasa radi humpiga mara mbili tatu kwa mwezi, anasema, na anaweza kula supu.

Alinipigia Machi, jikoni, mchana wa mvua. Nilijua sauti yake kabla hajasema jina.

"Palle aliniambia kulikuwa na wengine wawili," alisema. "Walioonekana baada yangu."

"Majina siwezi kukutajia."

"Nani ametaka majina? Nataka kujua kama ni wazima."

"Ni wazima."

"Kabisa?"

"Mmoja amepata mjukuu wa nne juzi. Mwingine ananuna kwa sababu duka lake linauza soseji tupu."

Akacheka kidogo. Kisha nikasikia mvua ikipiga paa lake, na mimi sikumharakisha; nilikuwa nimeshajifunza kukaa naye hivyo.

"Haya basi," alisema mwishowe. "Wacha nikafungie kuku bandani, mvua inawalowesha." Akaweka simu chini.